Kaunta ya Nne

Kaunta ziko saba.
Inayofanya kazi ni moja,
nasi tumejipanga hadi kwenye mafuta ya kupikia,
hadi kwenye sufuria na ndoo,
kila mtu na kikapu chake,
kila mtu na hasira yake.

Nilikuja kwa vitu vitatu:
unga wa ngano pakiti mbili, iliki, sabuni ya kipande.
Nikauliza iliki iko wapi.
Kijana wa fulana nyekundu akanijibu kwa kidevu:
"Huko."
Macho hayakutoka kwenye simu.
Huko wapi, mwanangu? Mombasa nzima ni huko.
Likoni ni huko. Kongowea ni huko.
Makaburini pia ni huko.

Mbele yangu mzee amerudisha maziwa,
yameganda kabla hajafika nayo Mwembe Tayari.
Risiti anayo, kaikunja mara nne kama hirizi.
Aambiwa meneja hayuko.
Meneja yuko. Namwona mimi
kule juu, nyuma ya kioo,
anapuliza chai.

Na ile kaunta ya nne, iliyofunikwa nailoni,
nisiijue vipi?
Nimeikalia miaka kumi na minane.
Droo yake hukwama, sharti uipige kwa paja.
Nilikuwa na kiti, ngozi yake ilipasuka
nikaishona mwenyewe kwa uzi wa buluu.
Namba ya ndizi, namba ya nyanya, namba ya muhogo,
zote zilikuwa vidoleni.
Nilijua Bi Mwanasiti hataki mkate ulaliwe na machungwa.
Nilijua Bwana Taibali huhesabu chenji mara mbili,
si kwa dhana mbaya, ni mazoea ya babake,
na foleni yote ikimngoja.
Mtu akisema ahsante, nikijibu starehe.
Neno hilo halikuongeza hata senti kwenye bei.

"Mtandao umepotea,"
msichana wa kaunta asema,
si kwetu. Aiambia dari.
Mwanamume wa nyuma yangu afoka:
"Watoto wa siku hizi hawana adabu!"
Nami nilikuwa nishafungua mdomo niitikie,
zamu yangu ikafika.

Unga, pii. Unga, pii. Iliki, pii.
Sabuni haipiti.
Aipitisha tena, na tena,
kama mtu apigaye kiberiti kilicholoa.
"Mia nne tisini na saba."
Nampa mia tano.
Shilingi zangu tatu zikarudi peremende ya mnanaa.

Hapo nikamtafuta uso nimkemee,
nikakutana kwanza na miguu.
Viatu kavivua, kavisukuma pembeni.
Nyayo zimevimba,
ukingo wa kiatu umejichora kwenye nyama.
Nyuma yake, patupu.

"Kiti chako kiko wapi?"
Akaniangalia. Tangu nipange foleni
sikuwa nimeyaona macho yake.
"Viti vilitolewa, mama. Mwezi wa pili.
Wasema tukikaa tunasinzia."
Beji yake imeandikwa Mbeyu.
Yuko hapa tangu saa kumi na mbili asubuhi.
Saa ya ukutani ilikuwa tisa na robo.
"Ahsante, mama," akasema, sauti imekauka,
na mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukajibu:
"Starehe."

Peremende nikamwachia.
Hasira sikuiacha, wala haijapungua,
nimeibadilisha anwani tu.
Nikapanda nayo ngazi, vidato kumi na vinne, navijua,
na nyuma nikasikia kandambili za mzee wa maziwa.

Mlango umefungwa.
Kiooni kikombe kipo, mvuke watoka.
Bawabu atwambia meneja hayuko.

Basi tumekaa hapa kidatoni, mimi na mzee,
mfuko wa unga katikati yetu,
maziwa yanaanza kunuka.
Chini yasikika pii moja, kisha kimya kirefu,
kisha pii.
Tutamngoja.
Ngazi hawajaing'oa bado.